Waya Uliofungwa Kitenge

Geti la karakana ya Arthur Imalingat lilikuwa limefungwa kwa nje kwa mnyororo wa pikipiki, na mwenye ufunguo alikuwa amekaa juu ya jiwe mbele yake, hana haraka hata kidogo. Huyo alikuwa mzee Phillip, baba mdogo wa marehemu. Nyuma yake ulijaa ukoo mzima kutoka Kisoko, wanaume kwa wanawake, na bodaboda walizokuja nazo zimepangwa kuziba njia ya kuelekea Tororo mjini.

Inspekta Felistus Abbo alisogeza uso kwenye tundu la geti.

"Mzee, nifungulie. Nina kazi kituoni."

"Kazi yako iko hapo ndani, afande. Malizia."

"Unamfungia polisi. Hiyo ni kesi, unajua?"

"Kesi iko moja tu. Mtoto wetu iko mochari, na ule kijana aliyemuua munamlisha maharage kituoni. Leo tunasikia huyu Imalingat anataka kuvusha ndege yake Kenya. Hapana. Hakuna kitu inatoka hapa, si ndege, si mtu. Wewe taja jina la muuaji, watu wote wasikie, mimi nafungua sasa hivi."

"Okochi yuko mikononi mwa sheria."

"Basi sema ni Okochi. Jina moja tu, afande. Ni kazi gani?"

Hapo ndipo alipombana. Neno moja na mnyororo ungefunguka, naye angerudi mjini akanywe chai kama watu wengine. Shida ni kwamba Abbo hakuwa na hakika na neno hilo, na alikuwa na ile tabia mbaya, iliyomkosesha vyeo zaidi ya mara moja, ya kutotaja jina asilokuwa na hakika nalo.

Kando ya mzee, juu ya mkeka, alikaa mjane. Betty Ajambo alikuwa binti wa Kisamia kutoka Busia, mwembamba, macho yamevimba kwa kulia. Kidole chake kilikuwa kikichezea fundo kwenye pembe ya leso, akilifungua nusu na kulikaza tena. Abbo alidhani ni nauli.

"Afande," Betty aliita kwa sauti iliyokauka, "ule Okochi ninyi mumnyonge. Mimi najua ni yeye. Najua kabisa."

Wanawake wakaitikia kwa kilio. Abbo akarudi ndani.

Ndani kulikuwa na joto la kupikia mkate. Bati la paa lilikuwa likilia kwa jua, na katikati ya sakafu ilisimama ile ndege, ya kuigiza ndege za zamani, mabawa ya ghorofa, moja juu moja chini, mbao tupu na kitambaa kilichopakwa rangi. Injini yake peke yake ndiyo haikuwa ya kuigiza. Arthur aliipata kwenye shamba moja la zamani ng'ambo ya Kenya, ikiwa kwenye masanduku, nyigu wamejenga viota vya udongo ndani ya silinda zote saba. Ilipofika Busia, mpakani hakuna aliyejua ni mnyama gani, wakaipitisha kama pampu ya maji. Jovan Opio, marehemu, ndiye aliyeifufua. Aliloweka pistoni kwa dizeli mpaka kutu ikaachia, akasaga valvu kwa mkono, akakata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye bati la shaba. Alhamisi iliyopita iliunguruma kwa mara ya kwanza, na watu wa jirani walikimbilia majumbani wakidhani ni vita.

Jumamosi asubuhi ikamuua.

Arthur alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa mikononi. Alikuwa mzee wa Kiteso, mrefu, aliyestaafu baada ya kutengeneza ndege za abiria Nairobi maisha yake yote. Kiswahili chake kilikuwa bado na adabu ya huko.

"Wamekataa?" aliuliza.

"Wamekataa. Nieleze tena Jumamosi. Taratibu."

"Nimekueleza, Inspekta."

"Na hatuna pa kwenda. Nieleze."

Arthur akashusha pumzi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, injini ya aina ile huzungushwa kwanza kwa mkono, swichi ikiwa imezimwa, maana mafuta hushuka usiku na kurundikana kwenye silinda za chini. Petroli kidogo hudondoshewa ndani, kisha mtu mmoja husimama mbele na kuvuta propela, mwingine hukaa kwenye kiti cha rubani akilinda swichi. Wa mbele huuliza, wa kwenye kiti hujibu.

"Jovan akauliza, 'Swichi?' Okochi akajibu, 'Imezimwa!' Nilisikia kwa masikio yangu, nilikuwa pale mlangoni. Jovan akavuta. Ikawaka sekunde chache tu, ikamkata."

"Ikiwa imezimwa."

"Ikiwa imezimwa, kwa kusema kwake Okochi."

Kesi yote ilikuwa imening'inia hapo. Polisi walipofika waliikuta swichi chini, imezimwa. OC, mkuu wa kituo, akasema kijana aliishusha baada ya kuona alichofanya, na hakuna aliyeweza kumbishia, kwa sababu wiki ile ile Okochi, kijana msaidizi wa karakana, na Jovan walikuwa wamekabana mashati sokoni, wakigombania nani ataruka na Arthur mara ya kwanza. Jovan ndiye aliyechaguliwa. Okochi alimwambia, "Utaona," na soko zima lilisikia. Kijana wa watu akisema "utaona" halafu mwenziwe akafa, mahakama gani itamsikiliza?

Simu ya Abbo ikalia. Alikuwa OC mwenyewe.

"Bado uko huko? Saa nane gari linampeleka Okochi mahakamani, kwa kosa la kuua. Nikutumie vijana na mabomu ya machozi wakutoe?"

"Afande, kuna akina mama na watoto hapa nje. Usitume. Nipe huyo Okochi niongee naye."

Kulikuwa na mlio wa funguo, kisha sauti ya kijana iliyojaa mafua ya kulia.

"Madam, ilikuwa imezimwa. Mimi naweka kidole juu yake hivi, siitoi, kwa sababu Jovan alinifundisha hivyo. Hata tukigombana, mimi siwezi. Madam, mama yangu anajua nakwenda mahakamani?"

"Kidole kilikuwa juu ya swichi mpaka injini ikawaka?"

"Mpaka ikawaka. Nikaona yeye anaanguka."

"Basi tulia," Abbo akasema, ingawa yeye mwenyewe hakuwa ametulia. Alimhurumia kijana yule, na huruma bila ushahidi haimtoi mtu rumande.

Alivua viatu akapanda kwenye kiti cha rubani. Swichi ilikuwa kitu kidogo cha shaba. Nyuma yake ulitoka waya mmoja mwembamba, mweusi, ukapita chini ya kiti, ukatoboa ukuta wa mbao na kuingia kwenye injini. Abbo akaufuata kwa kidole, akashuka, akaufuata kwa nje, akamwomba Arthur afungue bati la pembeni. Polisi wa Jumamosi walikuwa wameangalia swichi. Hakuna aliyeuliza waya unakwenda wapi.

Ulikuwa hauendi popote. Ncha yake ilikuwa imekunjwa juu, nyuma ya bomba, imezungushiwa kipande cha kitenge cha rangi ya machungwa na kufungwa fundo safi la kuvuta.

"Umetolewa," Abbo alisema.

Arthur alisimama, akaja, akatazama. Uso wake ukabadilika rangi.

"Nani ametoa huu?"

"Ndilo swali langu. Lakini sielewi. Kama waya wa swichi umetolewa, injini ingewakaje? Ilitakiwa ife kabisa."

"Kwenye gari, ndiyo." Arthur alilamba midomo. "Hii si gari, Inspekta. Hii ina magneto. Ukiizungusha, inajitengenezea moto yenyewe, haiombi kwa mtu. Kazi ya swichi ni kuunyonya ule moto na kuupeleka kwenye chuma ufe. Moto unapita kwenye waya huu. Ukiutoa, hakuna swichi tena. Injini iko hai saa zote."

"Nionyeshe."

"Jovan amelala mochari, nawe unataka..."

"Nionyeshe, mzee. Kwa usalama, lakini nionyeshe."

Arthur akatoa plagi zote, silinda moja baada ya nyingine, ili injini isiweze kuwaka hata kwa bahati mbaya. Plagi moja akaiacha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha silinda. Abbo akahakikisha swichi iko chini. Arthur akashika propela kwa mikono miwili, akavuta.

Tak! Cheche ya buluu ikaruka kwenye plagi.

Okochi alikuwa amesema kweli. Abbo alifurahi, akajionea aibu kufurahi mbele ya mtu aliyefiwa na fundi wake, kisha furaha yenyewe ikakatika. Maana sasa haikuwa tena ajali ya swichi. Mkono wa mtu ulikuwa umefungua nati, na mkono huo ulikuwa umepita hapa ndani.

"Mzee Arthur. Ni nani wanaojua habari hizi za magneto?"

"Mimi. Jovan. Okochi." Akamtazama. "Ahaa. Na Okochi yuko na kidole kwenye swichi, haina maana autoe waya halafu akae pale pale pa kulaumiwa. Umebaki na mimi."

"Nimebaki na wewe."

"Na unanitaka niseme nini? Nilimuua fundi pekee anayeweza kuirusha ndoto yangu?"

"Kwa nini ulitaka kuivusha ndege leo?"

"Kwa sababu wataichoma!" Arthur alionyesha geti. "Huwasikii?"

Alikuwa akiwasikia. Abbo alizunguka ndege mara moja, akarudi pale pale. Kama angetoka na kusema Arthur, mnyororo ungefunguka vizuri tu, na mzee huyu asingefika barabarani. Akainama tena kwenye waya. Kuna kitu kilikuwa kikimsumbua, na alijua kwamba kinapomsumbua hivyo, yeye ndiye mjinga na kitu kiko wazi.

"Betri iko wapi?" aliuliza.

"Betri gani? Ndege hii haina betri."

"Hata ndogo?"

"Hata ya tochi."

"Basi waya huu, ukishatolewa, hauna umeme wowote ndani yake."

"Umekufa. Ungeweza kuutafuna."

"Kwa hiyo wewe, ukitaka kumuua mtu, ungefungua nati, ukausukuma waya pembeni, ukaondoka. Usingehangaika kuuvisha nguo."

Arthur akainamia waya, akautazama tena.

"Aliyeufunga kitambaa," Abbo aliendelea, "alidhani una umeme wa betri. Aliogopa usiguse chuma ukaunguza kitu. Huyo hajui magneto. Huyo anajua lori."

Kabla ya kuhamishiwa Tororo, Abbo alikuwa amefanya kazi Busia, na foleni ile ya malori mpakani aliijua vizuri. Dereva akilala kwenye foleni, hutoa waya wa umeme wa betri unaoingia kwenye pampu ya dizeli, na bila waya huo lori haliwaki hata mwizi alisukume mpaka Bugiri. Husemwa gari limelazwa. Waya hufungwa kitambaa, kwa fundo la kuvuta, ili lifunguke hata gizani. Na nati haiachwi. Aliyelaza gari ndiye hukaa na nati, mpaka aliamshe mwenyewe.

Aliinua macho. Juu ya meza ya kazi, kati ya spana, ilikuwa hotpoti ya chakula cha Ijumaa jioni, tupu, haijarudishwa kwa mwenyewe. Kitambaa chake cha kubebea kilikuwa kitenge cha rangi ya machungwa. Ukingo mmoja ulikuwa umechanwa.

"Nani aliwaletea chakula hiki?"

Arthur aligeukia meza. Alikuwa ameshakitazama kitambaa naye.

"Mke wake," alisema. "Kila jioni. Mungu wangu, Inspekta. Mke wake."

Mzee Phillip alikubali kufungua mlango mdogo wa geti, kwa mtu mmoja tu. "Mke wetu aingie. Wewe usitoke," alisema, akamshika Betty mkono kwa upole akamvusha kizingiti.

Betty akasimama mbele ya ndege bila kuisogelea. Arthur alikwenda mwisho wa karakana akageukia ukuta. Abbo akamwonyesha mjane ule waya.

"Kitambaa hiki ni chako?"

Betty hakushtuka hata kidogo.

"Ni yangu. Nilijua wewe utaona. Walisema ulikuwa Busia."

"Wewe ndiye uliyetoa waya?"

"Mimi. Mimi ni mtoto wa lori, afande. Baba yangu alikuwa anaendesha Mombasa mpaka Kigali, na mimi nalala naye kwa kabini. Kulaza gari ilikuwa kazi yangu tangu niko mudogo." Akafungua fundo la leso na kuonyesha nati ndogo ya shaba kwenye kiganja. "Hii hapa. Sikuitupa."

"Kwa nini, Betty?"

"Siku ile wangeruka. Mzee Arthur mbele, bwana yangu nyuma. Kwa ndege ya mbao na nguo! Nilimwomba Jovan mpaka nikapiga magoti, yeye anacheka tu. Basi Ijumaa naleta chakula, wao wanakwenda kunawa kwa pipa, mimi natoa waya. Nikasema, wahangaike wee mpaka wachoke, ndege ikatae, bwana yangu abaki chini na mimi." Machozi yalimtoka tena, lakini sauti ilikuwa ngumu. "Ndiyo maana najua ni Okochi. Mimi nalaza injini, afande. Nalaza kabisa. Imeamkaje? Ni yeye aliiamsha, sijui aliunga waya gani, ili imukate bwana yangu. Kama sikulaza ningesema ni bahati mbaya. Lakini nililaza."

Abbo aliutazama waya mkononi mwake. Kazi yake ilikuwa kusema ukweli, na kwa mara ya kwanza tangu avae sare alitamani ukweli ungekuwa wa mtu mwingine kuusema.

"Betty, kaa kwanza."

"Sikai. Wewe huamini? Ngoja." Na kabla Abbo hajanyoosha mkono, Betty alikuwa ameshafika mbele na kushika propela, kwa mikono iliyozoea vitu vizito. "Angalia. Waya iko nje. Imelala hii."

Akavuta.

Tak!

Cheche ikaruka. Betty akaitazama plagi. Akavuta tena, polepole zaidi.

Tak!

"Nani amewasha swichi?"

"Hakuna. Swichi imezimwa."

"Na waya?"

"Waya ni huo mkononi mwangu." Abbo akauinua auone. "Ndege hii haina betri, Betty. Waya huu haukuwa wa kuiwasha. Ulikuwa wa kuizima."

Betty akaachia propela. Aliutazama waya, akaitazama nati kwenye kiganja, akarudia tena, na Abbo akaona jambo lile likimwingia kidogo kidogo bila kupata njia ya kutokea. Akakaa chini kwenye saruji. Hakulia. Alinyoosha mkono akampa Abbo nati, na nati ilikuwa ya moto kwa kushikwa siku zote hizo.

"Okochi mumtoe," alisema. "Leo."

Abbo akapiga simu pale pale. "Afande, simamisha gari la mahakamani. Okochi hana kosa, nina ushahidi na nina maelezo. Nitakueleza. Ndiyo, mikononi mwangu. Halafu tuma gari, lipitie uwanja wa ndege huku nyuma ya karakana, waje wakate bati, lisije getini. Hapana, siwezi kusema jina kwenye simu. Lije upesi."

Alipogeuka, Betty alikuwa amesimama na anaelekea kwenye mlango mdogo, leso imeanguka begani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuwaambia. Ni ndugu zake. Mimi mwenyewe niwaambie."

"Watakuua."

"Najua."

Abbo alimpita mbio. Tangu asubuhi alikuwa akiomba geti lile lifunguliwe. Sasa alisukuma komeo la ndani kwa nguvu zake zote, akaegemeza mgongo wake kwenye bati la moto, akamshika mjane mabega yote mawili. Betty hakushindana naye. 

Nje, mzee Phillip alikuwa amesikia komeo. Aligonga mara moja, bila hasira, akasogeza mdomo kwenye tundu.

"Mke wetu? Wanakufungia nini huko?" Sauti yake ilikuwa ya baba. "Usiogope, mama. Tuko hapa hapa. Hatuondoki."